Umeme wa Akiba kwa Ruta: Soma Kibandiko Kabla ya Kununua

Umeme unapokatika, ruta ya nyumbani huzimika hata kama mtandao wa mtoa huduma bado upo. Kwa mwenye duka anayepokea malipo mtandaoni, au mwanafunzi aliye katikati ya mtihani, hasara huja papo hapo. Ndiyo maana vifaa vya umeme wa akiba vimejaa madukani, na baadhi ya wauzaji huvisifu kupita uwezo wake.

Kabla ya kwenda dukani, tunamshauri mtumiaji asome kibandiko cha adapta ya ruta, sehemu iliyoandikwa OUTPUT. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12. Nyingine volti 9 au 5. Volti za kifaa cha akiba sharti zilingane na hizo. Ampea zinaweza kuzidi bila madhara, kwa kuwa ruta huchukua kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, ruta inaweza kujizima na kujiwasha mara kwa mara. Kibandikoni mna pia mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya ncha ya waya au nje. Ukikosea hapo ruta yaweza kuungua, na ikiwa ni mali ya mtoa huduma, huenda ukadaiwa gharama yake.

Waliounganishwa kwa faiba wakague ukutani. Mara nyingi pana kisanduku cha pili chenye adapta yake, nacho kikizimika, ruta iliyo hai haina cha kusambaza.

UPS ya kompyuta hufanya kazi, lakini hupoteza umeme: hupandisha umeme wa betri hadi volti 230, kisha adapta huushusha tena hadi 12. Kama unayo, itumie; kuinunua kwa ajili ya ruta pekee hatuoni sababu. Pawabenki ya kawaida hutoa volti 5, hivyo huhitaji waya wa kupandisha volti. Yenye kutoa ampea 2 ina wati 10 tu, ilhali ruta ya volti 12 na ampea 1 yaweza kuhitaji hadi wati 12. Kwa matumizi ya nyumbani, UPS ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta ndiyo tunayoipendelea, mradi volti zake zilingane.

Wapo pia wanaounganisha ruta moja kwa moja na betri ya gari au pikipiki. Betri hiyo inapochajiwa volti zake hupanda kupita 14, na nyaya zake zikigusana zaweza kuwasha moto. Njia hii isifanywe bila fyuzi na kidhibiti cha volti, na kazi hiyo aachiwe fundi umeme.

Udanganyifu mwingi umo katika herufi mAh. Muuzaji husema: betri ni mAh 10,000, ruta yako hutumia ampea 1, basi utapata saa 10. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu mAh hizo kwa kawaida hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, si kwa volti 12 za ruta. Zidisha 10,000 kwa 3.7, ugawe kwa 1,000: ni wati-saa 37. Ondoa zinazopotea njiani, zibaki kama 30. Ruta ikitumia wati 12 zake zote, itadumu saa mbili na nusu. Ikitumia wati 6 itafika saa tano. Ikiwa kibandiko kinaonyesha Wh, yaani wati-saa, linganisha bei kwa tarakimu hiyo.

Beba ruta yako pamoja na adapta hadi dukani, uombe kifaa kijaribiwe mbele yako kwa kuchomoa umeme wa ukutani ghafla. Ruta isizimike hata kidogo. Kisha dai risiti iliyoandikwa jina la kifaa na muda wa dhamana.