SOMO LA UMEME: FENI YA BAFU IWE NA SWICHI YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Hapa Rumonge, mtu anayekamua mawese hutoka kazini mwili mzima umejaa mafuta. Hayatoki ila kwa sabuni na maji ya moto. Bafu hujaa mvuke, na hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika yenyewe ina unyevu. Kuta huota ukungu, dari huoza, vifua hubana. Ndiyo maana tunadai feni ya kutoa hewa chafu katika bafu za wafanyakazi.

Lakini feni nyingi hufungwa pamoja na taa kwa swichi moja. Wa mwisho kuoga akizima taa, feni nayo husimama na mvuke hubaki ndani. Mchana, taa huwaka bure ili feni izunguke. Inafaa feni iendelee kama dakika 15 baada ya kuoga. Kwa hiyo iwe na swichi yake.

1. Njia ya umeme

Waya wa moto hufika kwenye swichi mbili. Kutoka swichi ya kwanza, waya mmoja huenda kwenye taa. Kutoka ya pili, mwingine huenda kwenye feni. Waya wa nyutro, wa buluu, huenda moja kwa moja kwenye taa na feni bila kupita swichi. Waya wa ardhi, wa kijani na njano, hufungwa kwenye gamba la chuma la feni. Swichi zikae nje ya mlango, mbali na mikono yenye maji.

2. Uchoyo wa waya

Kutenganisha feni na taa kunahitaji waya mmoja zaidi kutoka swichi hadi darini. Hapo ndipo hatari inapozaliwa. Ili kuokoa fedha, wengine huuchukua waya wa ardhi na kuupitisha umeme. Feni huzunguka vizuri, lakini haina kinga tena. Na fundi atakayekuja kesho, akiona kijani na njano, ataufunga kwenye gamba la chuma. Anayeligusa akiwa amelowa hupigwa na volti 220. Waya mpya una bei, lakini uhai wa mtu haununuliki.

3. Taa kuzimika si dalili

Swichi zikiwa mbili, kuzima taa hakuzimi feni. Na umeme ukikatika mjini, unaweza kurudi wakati mtu yuko juu ya ngazi. Kwa hiyo fundi akate swichi kuu, aifunge au aweke mlinzi, kisha apime kila waya. Kipimo chenyewe akijaribu kwanza mahali penye umeme. Asiamini rangi peke yake, kwani nyumba za zamani zina rangi za kila namna.

Madai yetu

Kazi hii ifanywe na fundi aliyefundishwa, si kijana wa shamba aliyeamriwa kupanda ngazi. Mwajiri anunue waya kamili, pamoja na kikata umeme cha miliampea 30, kinachokata umeme unapovuja. Wajumbe wa chama wawepo kazi inapokaguliwa.

Maswali ya kujadiliana

– Bafu yetu ina swichi ngapi, na ziko wapi?
– Swichi kuu iko wapi, na nani ana ufunguo?
– Waya wa ardhi unafika kwenye feni?

Asiyejua huuliza, na anayejua amfundishe mwenzake. Umoja ni nguvu!