Safari ya Chakula cha Mimea: Toka Shambani Hadi Ziwani

Wanafunzi wapenzi, pamoja nanyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, leo nataka tuzitazame safari mbili: safari ya maji, na safari ya chakula cha mimea. Darasani twazisoma kwa michoro yenye mishale inayozunguka. Michoro ile ni ya kweli, lakini wengi huifunga ndani ya daftari wasijue kwamba mishale ile yapita katika shamba la mama zao. Kwa hiyo nitatoa mfano wa hapa hapa Uganda: mgomba na Ziwa Victoria.

Tuanze na maji. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake cha wastani ni meta 40 tu. Ni kama sinia kuliko mtungi. Jua huyapiga maji yakawa mvuke, mvuke hupanda na kupoa, mawingu hufanyika, mvua ikanyesha. Karibu sehemu 4 katika kila 5 za maji yaingiayo ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mito huleta zilizobaki. Na maji mengi yatokayo ziwani hurudi angani kuwa mvuke, mengine ndiyo yatokayo Jinja yakawa Mto Nile. Mvua inyeshayo shambani nayo hugawanyika: nyingine hunywewa na mimea na kurudi hewani kwa njia ya majani, nyingine huzama ardhini, nyingine hutiririka bondeni. Hivyo maji yakishuka, jua huyapandisha tena.

Sasa tuje kwenye chakula cha mimea. Mmea hutaka vitu vingi, lakini vitatu ni vikubwa: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Naitrojeni imejaa hewani, na vijidudu vilivyo katika vifundo vya mizizi ya maharagwe huweza kuikamata na kuitia ardhini. Fosforasi na potasiamu asili yake ni mawe, nayo mawe huvunjika polepole mno.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlishike. Tazameni birika la kuchemshia maji: mvuke hutoka, lakini ukoko mweupe hubaki ndani. Vivyo hivyo ziwani. Maji yakipanda angani huacha chumvi zake chini. Basi maji hurudi mlimani yenyewe, lakini fosforasi na potasiamu zilizochukuliwa na maji hazirudi nayo. Upepo hubeba vumbi na moshi, ni kweli, lakini sehemu ya hivyo nayo huangukia ziwani. Njia kubwa ya kuuweka utajiri huu juu ya kilima ni viumbe hai vyenyewe: majani yaangukayo, samadi ya ng'ombe, mchwa na nyungunyungu, na mkono wa mkulima.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini mzunguko huu waliulinda. Mkungu ulipokatwa, shina lilipasuliwa na kulazwa chini ya migomba pamoja na majani makavu. Matandazo hayo yalizuia jua lisikaushe udongo na mvua isiuchukue. Yalipooza, vijidudu na uyoga viliyavunjavunja, na mizizi ikala tena. Maganda ya ndizi yalitoka jikoni yakarudi shambani au yakapewa mbuzi, na samadi ya mbuzi ikafuata njia ile ile.

Siku hizi mkungu hupanda lori kwenda Kampala. Sisemi ni vibaya, kwa maana ada za shule hutoka humo. Lakini tufanye hesabu. Katika kila kilo ya ndizi mna gramu 3 au zaidi za potasiamu. Lori lenye tani 5 za ndizi basi huondoka na kilo 15 au zaidi, na lori hurudi tupu. Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo wa sehemu nyingi za kusini mwa Uganda ni wa kale, na rutuba yake iko zaidi katika tabaka la juu. Shamba likitoa kila juma lisirudishiwe kitu, mikungu huwa midogo mwaka baada ya mwaka, nasi twalaumu mvua.

Je, chakula kile kimekwenda wapi? Hakikupotea. Kimo katika majalala, vyooni na katika mifereji ya mji. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji machafu ya Kampala hadi kinamasi, na kutoka hapo huingia katika ghuba ya Murchison. Huko, kile ambacho mgomba ulikililia, ziwa hupewa kupita kiasi. Vimea vidogo vya kijani viitwavyo mwani huongezeka, hufa, huzama na kuoza, na kule kuoza hula hewa ambayo samaki wangevuta. Magugu maji, yaliyotokea Amerika ya Kusini na kuonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo yalinenepa kwa karamu hiyo hiyo. Tena mji huchota sehemu ya maji yake ya kunywa Ggaba, katika ghuba ile ile!

Mlinzi wa mlango ni mafunjo. Mizizi yake hunasa matope na kunyonya naitrojeni na fosforasi kabla maji hayajafika ziwani. Akatwaye mafunjo kwa kiasi, akasuka mikeka na kuezeka, hukirudisha chakula kile nchi kavu. Lakini akaushaye kinamasi ili ajenge au alime magimbi huuondoa mlango wenyewe.

Basi ugonjwa wa shamba na ugonjwa wa ziwa ni ugonjwa mmoja: duara limekatwa, upande mmoja una njaa na mwingine umevimbiwa. Dawa ni kuliunga. Kampala wako watu wanaokusanya maganda na kuwalisha ng'ombe. Samadi ile ikirudi shambani, duara limeungwa. Nasi shuleni tunaweza kuchimba shimo la mboji karibu na jiko. Ninyi mliomaliza, wenye mashamba na wenye viti katika mabaraza, vinamasi vya wilaya zenu vimo mikononi mwenu.

Mazoezi:
1. Pimeni maganda yatokayo jikoni mwetu kwa juma moja, mkaandike yaendako.
2. Kwa nini maharagwe hayawezi kuliponya shamba lililopungukiwa potasiamu?
3. Choreni duara la shamba la nyumbani kwenu, mkaonyeshe lilipokatika.