Wakili Seroney na Kifo cha Bunge: Mhusika Bapa au Duara?

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuyachunguza maisha ya kisiasa ya Jean-Marie Seroney kwa kigezo tunachokitumia darasani tunapohakiki riwaya, yaani uhusika. Nayaandika nikiwa Ziwa, karibu na Eldoret, ambako mambo aliyoyapigania hayajawa historia tu.

Wakili Bungeni

Seroney alikuwa miongoni mwa Wakalenjin wa kwanza kusomea sheria. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961, kisha katika Bunge la Kenya huru. Mnamo Februari 1975 wabunge walimchagua kuwa Naibu Spika, jambo ambalo serikali haikulipenda.

Tarehe 9 Oktoba mwaka huo, Martin Shikuku alidai kuwa wapo waliotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa kuthibitisha, Seroney, akiwa kitini, aliamua kwamba lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Waliachiliwa Desemba 1978, wakati mmoja na Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kufa na Kuuawa

Kiswahili kilikuwa kimeingizwa Bungeni mwaka 1974. Tukiitazama kauli ya Shikuku kwa jicho la sarufi yetu, tunabaini kwamba kitenzi "kufa" hakimhitaji mtendaji, ilhali "kuuawa" hudokeza kuwa yupo, hata asipotajwa. Hivyo basi, uamuzi wa Seroney ulikuwa mzito: ulikiri kwamba asiyetajwa anajulikana. Kinaya ni kwamba wakili, ambaye kazi yake ni ushahidi, aliuona ushahidi hauhitajiki. Nayo serikali ikamfunga bila kumfikisha mahakamani, pasipo kutoa ushahidi wowote.

Upande wa Pili

Hata hivyo, tusimfanye shujaa bapa. Mwaka 1969 Seroney aliongoza Tamko la Nandi Hills, lililosisitiza kuwa ardhi ya Nandi ni ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi na kutozwa faini. Malalamiko yenyewe yalikuwa na msingi, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umewanyang'anya watu ardhi. Lakini sisi wa Uasin Gishu, tulioshuhudia nyumba zikichomwa mwaka 1992 na tena mwaka 2008, hatuwezi kulisoma tamko hilo kwa utulivu. Jirani aliyefukuzwa naye huuliza: mwenyewe ni nani, na mgeni ni nani?

Hitimisho

Seroney alifariki mwaka 1982. Aliyetetea uhuru wa Bunge zima kusema ndiye aliyechora mpaka wa nani astahiliye kukaa. Mhakiki akiufuta upande mmoja, atakuwa ameandika sifa au lawama, si uhakiki. Wanafunzi wenzangu, tuwasome viongozi wetu kama tuwasomavyo wahusika: kwa matendo yao yote.