SOMO LA LIKIZO: WATOTO WETU WATAKUMBUKA NINI?

Soma: Yoshua 4:1–9 na Luka 2:41–52



Mwezi wa Juni shule zinafungwa na watoto watakuwa nyumbani. Wazazi wengine wamekwisha kuanza kulalamika kwamba nyumba itajaa kelele na unga utakwisha upesi. Kabla hatujalalamika zaidi, napenda tujifunze pamoja jambo moja. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Nilifundisha chuo cha ualimu miaka mingi. Kila likizo nilikuwa na mitihani ya kusahihisha au semina ya kuongoza. Ada za watoto nililipa zote, wala hawakulala njaa, nami nikajiona baba mwema. Mke wangu alipofariki, watoto wetu, ambao sasa ni watu wazima, walikesha usiku wa matanga wakisimulia habari za mama yao: jinsi alivyowachukua kila likizo kwenda kufua Mto Zigi, wakachoma mihogo kando ya maji, wakarudi jioni wakiimba. Walicheka, wakalia. Mimi nilingoja kusikia habari zangu, zisitajwe. Mwisho nikauliza, “Na mimi nilikuwa wapi?” Binti yangu akajibu kwa upole, “Baba, wewe ulikuwa kazini.” Alisema kweli. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa tutazame Maandiko. Waisraeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, wachukue kila mtu jiwe lake kutoka katikati ya mto. Kwa nini? Ili siku za mbele watoto watakapouliza maana ya mawe yale, wakubwa wapate kuwaeleza. Angalieni, yalikuwa mawe ya mtoni tu, hayakununuliwa kwa fedha. Yalipata maana kwa sababu watu waliyabeba wenyewe, na kwa sababu walikuwapo watu wa kusimulia. Kwa hiyo tujifunze mambo matatu.

1. Jambo liwe dogo, lakini lirudiwe. Luka atuambia kwamba wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka. Safari moja kubwa yenye gharama si lazima. Kutembea pamoja kwenda kusalimu jamaa kila likizo kwatosha.

2. Mtoto apewe kazi. Kila mwalimu anajua kwamba mtoto husahau upesi aliyoyasikia tu, bali aliyoyatenda kwa mikono yake hukaa. Abebe kuni, amenye mihogo, ashike jembe. Asiwe mgeni nyumbani kwake.

3. Jambo lisimuliwe. Picha za simu ni nzuri, lakini picha haijibu swali la mtoto. Baada ya sala ya jioni, ulizeni: leo tumeona nini? Tumshukuru Mungu kwa lipi?

Juni iliyopita wajukuu wangu walikuja kutoka Dar es Salaam. Tulikwenda kulipalilia kaburi la bibi yao, kisha tukapanda mche wa mchungwa uliobebeshwa nyuma ya nyumba. Mdogo aliuliza, “Babu, tutakula lini?” Nikamwambia, miaka mitatu au minne, Mungu akipenda. Akaniuliza tena, “Bibi alipenda machungwa?” Basi nikakaa chini nikamsimulia, mpaka giza likatukuta pale. Kila wiki sasa hupiga simu kuuliza kama mti umemwagiliwa maji.

Ndugu yangu mzazi, kazi yako ni ya heshima, nayo ada ni lazima ilipwe. Lakini toa hata siku moja ya likizo hii, uwape watoto wako. Usiseme utafanya ukistaafu. Wakati huo watakuwa wamekwisha ondoka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

(a) Unakumbuka nini ulichofanya na wazazi wako ulipokuwa mtoto? Kiligharimu fedha kiasi gani?

(b) Watoto wako wanajua makaburi ya babu na bibi zao yalipo?

(c) Ni siku gani ya likizo hii mtaitenga? Itajeni leo, mbele ya watoto.

Mungu azibariki nyumba zenu.