Somo: Waridi Fupi Katika Bustani ya Mvua Nyingi



Hapa Bukoba mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Waridi hupukutisha majani kwa kuvu wa madoa meusi, anayeenezwa na matone na kuota jani likikaa na maji saa saba hivi. Mwanzoni tulikosea: tulinunua dawa, mvua ikaiosha, na sadaka ikapotea. Sasa:

1. Tunachagua aina fupi yenye ustahimilivu, kama Flower Carpet. Isipopatikana, tunaomba vipandikizi kwa jirani ambaye waridi lake limebaki na majani baada ya masika.
2. Tunapanda kwenye tuta lililoinuka, penye jua la asubuhi, tukiacha sentimita 60.
3. Tunatandaza nyasi kavu shinani.
4. Majani yenye madoa tunayaokota na kuyachoma.

Chagueni mche kwanza, dawa baadaye.