Mbegu za Mlonge na Maji ya Ndiva: Njia ya Kufundishia Chaji za Umeme

Katika kufundisha habari za chaji, walimu wengi huanza kwa kuchora ubaoni alama za kujumlisha na za kutoa, nao wanafunzi huzinakili bila kuona zinahusu kitu gani. Twapendekeza njia nyingine, ifaayo hasa shule za Same, ambako vifaa vyake havihitaji fedha: maji ya tope na mbegu za mlonge.

Wapare wana ujuzi wa siku nyingi katika kuhifadhi maji. Kwenye miteremko ya milima, kama huko Bangalala katika bonde la Makanya, maji ya vijito hukingwa usiku katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Mvua zinyeshapo, maji hayo huchafuka kwa udongo. Ukiyateka na kuyaacha yatuame, chembe kubwa huzama, lakini zile ndogo kabisa huelea kwa siku nyingi. Mwalimu na aanzie hapo kwa kuuliza: kwa nini hazizami?

Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi kwenye nyuso zake. Hasi husukumana na hasi. Kwa hiyo chembe hazikaribiani zikashikamana na kuwa nzito. Sasa, ndani ya mbegu ya mlonge zimo protini ziyeyukazo majini. Protini ni polima, yaani molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vingi, mfano wa shanga zilizotungwa uzini. Na katika protini hizi baadhi ya shanga, hasa zile za asidi amino iitwayo arginini, zina chaji chanya. Chanya huvutana na hasi. Msukumano hupungua, chembe hugandamana kuwa mabonge, na mabonge huzama. Wanawake wa Sudan waliitumia mbegu hii kusafishia maji ya Nile, na mtaalamu Samia Al Azharia Jahn aliichunguza desturi hiyo katika miaka ya 1970 na 1980.

Kwa jaribio, tayarisheni vyombo vitatu vya kioo, kila kimoja lita moja ya maji yale yale. Cha kwanza kisitiwe kitu. Cha pili kitiwe mbegu mbili zilizomenywa, zikatwangwa na kuchujwa kwa kitambaa pamoja na maji kidogo. Cha tatu kitiwe mbegu ishirini. Vyote, hata cha kwanza, vikorogwe upesi dakika moja, kisha polepole dakika tano, viachwe saa moja au mbili.

Chombo cha tatu ndicho chenye mafunzo zaidi, nacho husahauliwa mara nyingi. Maji yake huenda yakabaki na ukungu, maana polima ikizidi mno kila chembe hufunikwa pande zote, ikawa na chaji chanya, na msukumano hurudi. Wapelekeni wanafunzi uwanjani: wawe chembe, nanyi muwape kamba. Kamba chache zitawafunga wengi pamoja. Kila mmoja akijizungushia yake, hakuna atakayeshikwa na mwenziwe.

Tumefika mahali pa hatari. Bakteria nao wana chaji hasi kwenye nyuso zao, kwa hiyo protini hizo huwanasa na kuwazamisha pamoja na tope. Baadhi yao hata utando wao hutobolewa, wakafa. Lakini si wote. Mtoto aliyeona maji mekundu yakigeuka meupe ataamini kwamba ni salama, na jioni atamfundisha mamaye hivyo. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Mwalimu asiyanywe maji hayo mbele ya darasa, hata kwa mzaha. Ayachemshe kwanza, wanafunzi wakitazama. Aseme pia kwamba mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria waliosalia, hivyo maji hayo hayafai kuwekwa siku nyingi.

Kwa kazi ya nyumbani twapenda maswali mawili. Shabu si polima. Mbona nayo husafisha maji ya tope? Na kwa nini tope liletwalo na Mto Pangani huanza kuzama linapokutana na maji ya chumvi ya bahari?