Somo la Kundi: Samaki na Mboga kwa Maji Yale Yale



Wengi wetu hapa Chinsapo tunaishi kwa kazi za msimu. Soko la tumbaku likifunguliwa, mwezi wa Machi au Aprili, viwanda vya Kanengo huita watu. Majani yakiisha, tunarudishwa nyumbani. Kisha huja Desemba, Januari na Februari, miezi ya njaa katika Malawi nzima, mahindi yakiwa ghali na mshahara haupo. Nyumba zetu zimebanana, na uani hapatoshi hata tuta moja la mchicha.

Msimu mmoja msimamizi wa kiwanda alituambia tusidai nyongeza, bali tukalime bustani nyumbani. Tulicheka, kisha tukakaa tukafikiri. Nyumba nne tuliungana, tukajifunza kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale. Wataalamu huita kazi hii akwaponiki. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuifanya bila umeme, na mwishoni tutampa msimamizi yule jibu lake.

1. INAVYOFANYA KAZI

Samaki akila hutoa uchafu. Sehemu kubwa ya uchafu huo ni amonia, ambayo hutoka kwa njia ya matamvua yake. Amonia ikizidi ndani ya maji humuua samaki mwenyewe. Lakini katika changarawe yenye unyevu na hewa huishi vijidudu viitwavyo bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mbolea ya mboga. Mboga hunyonya mbolea, na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa.

Basi bakteria ndio wafanyakazi wa pipa. Hawaonekani na hawasifiwi, lakini wasipokuwapo kila kitu hufa. Sisi hatukulijua hilo. Tulinunua vifaranga 30 na kuwatia majini siku ile ile tuliyojaza pipa. Siku ya nne walianza kuhema juu ya maji. Wiki ya pili haijaisha, walibaki wawili. Tulilaumu maji, tukamlaumu na aliyetuuzia. Kosa lilikuwa letu: tulileta kazi mahali ambapo wafanyakazi hawajafika.

2. VIFAA

Tafuteni mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 yaliyobeba chakula, kwa mfano mafuta ya kupikia. Pipa lililobeba dawa ya shambani msiliguse, hata likioshwa mara kumi.

Pipa la kwanza ni la samaki. Liwekeni kivulini, lizikwe nusu ardhini ili maji yasipate joto wala baridi ya ghafla. Liwe na kifuniko cha wavu mzito, maana mtoto mdogo anaweza kuzama ndani.

Pipa la pili lipasueni kwa urefu. Nusu moja yatosha kwa bustani; nusu ya pili mpeni jirani. Litobolewe tundu moja chini, lipachikwe kipande cha bomba chenye wavu ili changarawe isipite, kisha liwekwe juu ya pipa la samaki. Changarawe iwe ya ukubwa wa punje ya hindi au zaidi kidogo, ioshwe mpaka maji yatoke safi. Ijaribuni kwanza kwa siki: ikitoa mapovu ina chokaa, tafuteni nyingine. Bustani hiyo ikijaa changarawe na maji huwa na uzito wa karibu kilo 200. Ijengewe nguzo za matofali, si vijiti.

3. KUANZA

Anzeni mwisho wa Agosti, baridi ikipungua. Maji ya kioski yana klorini ya kuua vijidudu, nayo huua pia bakteria wetu. Yaacheni wazi siku mbili kabla ya kuyatumia.

Jazeni pipa mpaka lita 160, kisha tieni chakula kidogo sana cha samaki kila siku, kioze na kutoa amonia, ingawa samaki bado hawapo. Kila siku mimineni maji juu ya changarawe kama kawaida. Bakteria huja wenyewe, lakini huchukua wiki 4 hadi 6. Mkipata ndoo ya changarawe yenye unyevu kutoka kwa mtu ambaye pipa lake tayari linafanya kazi, ichanganyeni na yenu. Mtaokoa wiki kadhaa.

Mwezi wa Oktoba tieni vifaranga 10, wasizidi. Hapa Malawi makumba na chilunguni hufaa, ni samaki wa maji ya nchi hii. Muulizeni afisa wa uvuvi wa wilaya mahali pa kuwapata. Siku hiyo hiyo pandeni miche 10 ya rapa au chainizi.

4. KAZI YA KILA SIKU

Choteni ndoo mbili za lita 20 kutoka pipa la samaki, mmimine polepole juu ya changarawe. Maji yatashuka yenyewe na kuanguka kwa kishindo, na kule kuanguka ndiko kunakotia hewa. Yakiisha kushuka, rudieni. Fanyeni hivyo mara tatu asubuhi, mara tatu mchana na mara tatu jioni. Anayekwenda zamu ya alfajiri hawezi kuwa nyumbani mchana, kwa hiyo sisi tuligawana zamu baina ya nyumba nne, wanaume kwa wanawake, na karatasi ya zamu tukaibandika mlangoni. Pampu ya umeme tuliijaribu tukaiacha. Kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha Kapichira mwezi wa Januari 2022, nchi nzima iliona jinsi umeme unavyoweza kupotea. Ndoo haikatiki.

Lisheni kidogo, mara mbili kwa siku. Chakula kisicholiwa ndani ya dakika 10 kitolewe. Samaki 10 wenye uzito wa gramu 100 kila mmoja hutosheka na gramu 20 kwa siku nzima, nazo zatosha pia kulisha bustani ya ukubwa huo. Mkiwaona wanahema juu ya maji alfajiri, acheni kulisha, punguzeni theluthi ya maji na kuweka mengine yaliyokwisha kulala wazi.

Msipige dawa ya wadudu kwenye mboga, na msioshe chombo chochote cha pipa kwa sabuni. Dawa na sabuni zote hushukia kwa samaki.

5. TAHADHARI YA TUMBAKU

Hili linatuhusu sisi hasa. Anayerudi kutoka kiwandani au shambani asiguse maji kabla ya kunawa na kubadili nguo. Nikotini ya tumbaku ni sumu kali kwa samaki. Huko Ufilipino wafugaji hutumia vumbi la tumbaku kuua samaki wasiowataka katika mabwawa yao. Ni nikotini hiyo hiyo inayotuletea kizunguzungu na kutapika tunapobeba majani mabichi yaliyolowa, kwa kuwa hupita kwenye ngozi. Kama mkono wa tumbaku haufai kuingia katika pipa la samaki, tajiri atueleze kwa nini tunashika majani hayo bila glavu.

6. NDUGU ZETU WA DZALEKA

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Nyumba moja kati ya zile nne zetu iliondoka Chinsapo.

Pipa lao walilibeba tupu, pamoja na mfuko wa changarawe uliofunikwa kwa gunia lenye maji ili bakteria wasife njiani. Samaki tuliwala pamoja jioni ya mwisho. Kule hakuna shamba, na maji hupatikana kwa foleni, lakini pipa la lita 160 huhitaji kuongezwa lita 2 hadi 5 tu kwa siku. Changarawe ile ilikubali. Miche yao ya kwanza waliipanda mbele ya mlango.

7. HESABU YA KWELI

Sasa tumjibu msimamizi. Mwezi wa Aprili, kabla ya baridi ya Juni na Julai ambayo huwazuia samaki kula na kukua, tulivua samaki 10 wa gramu 100 hivi kila mmoja. Hiyo ni kilo moja kwa miezi sita, na nyumba ya watu sita huimaliza kwa milo miwili. Mboga ndizo zilizotufaa zaidi: tulichuma mara mbili kwa wiki katika miezi ile ya njaa.

Hicho ni kitoweo, nacho tunakishukuru. Hakilipi kodi ya nyumba, wala ada ya shule, wala nauli ya kwenda Kanengo. Anayetuambia pipa ni badala ya mshahara hajawahi kupima samaki wake kwenye mizani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini samaki hawatiwi majini siku ya kwanza?
2. Katika mtaa wenu, ni nyumba zipi nne zinazoweza kugawana zamu?
3. Kiwandani mwenu, nani anashika tumbaku bila glavu, na tawi limekwisha andika barua?

Umoja ni nguvu.